Nyumba ya Kobe Ndani ya Kompyuta Namba Tatu

Kila siku ya shule, kengele ya saa nane mchana ilipolia, Nywila alikuwa wa kwanza kutoka darasani na wa kwanza kufika kwenye chumba cha gemu cha bibi yake. Alifungua kufuli, akasukuma madirisha, akapangusa skrini sita kwa kitambaa chenye unyevu, kisha akawasha kompyuta moja baada ya nyingine kama matroni anayeamsha bweni. Tano ziliamka upesi. Ya mwisho daima ilikuwa namba tatu. Ilikuwa nzee hivi kwamba watu waliapa kuna kijana aliyeiwasha akiwa hana ndevu, na ilipofunguka alikuwa tayari anatafuta wembe.

Uzee si kosa. Kosa la namba tatu lilikuwa saa yake. Betri ndogo inayoitunza ilikwisha kufa, na fundi alisema betri ya aina ile siku hizi labda huuzwa ahera. Basi kila ilipozimwa iliamka ikiamini kuwa ni tarehe mosi Januari, miaka kumi na mitatu nyuma, kabla Nywila hajazaliwa. Ndiyo maana ukutani Bibi alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: KWANZA SAA, NDIPO MENGINE. Kazi ya kuirekebisha saa ile ilikuwa ya Nywila. Tangu mwezi uliopita alikuwa ameiacha. Aliona saa ni saa tu, na ukutani ilikuwepo nyingine.

Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na mwalimu peke yake. Watoto walimwita Nywila kwa sababu yeye ndiye aliyetunza nywila zao zote, katika daftari lililofungwa kwa mpira mara mbili. Si kazi ndogo. Gemu waliloshindania wote lilikuwa moja, liitwalo Matofali, gemu la kujenga nyumba na mitaa, lakini liliuzwa katika maduka mawili ya mtandaoni. Watoto waliyaita kwa rangi za alama zake: Duka la Buluu na Duka la Chungwa. Bibi alikuwa amelinunua Buluu, akasahau, akalinunua tena Chungwa. Kwa hiyo chumbani mlikuwa na gemu moja mara mbili, kama ndugu wa baba mmoja wasiosalimiana. La Buluu lilikuwa toleo la pili. La Chungwa lilikuwa toleo la tatu, lenye matofali madogomadogo ya kujengea hata rafu na vijiko. Akaunti ya huku haikufungua mlango wa kule, na aliyejua nani yuko wapi, kwa toleo gani, kwa nywila gani, alikuwa Nywila.

Na alijua kuwatesa nayo. Mtoto aliyesahau nywila yake alilazimika kusimama wima na kumwamkia shikamoo mara tatu, yeye mtu wa rika lake. Mara ya tatu Nywila aliitikia "marahaba" kwa sauti ya kikongwe, na chumba kizima kikacheka.

Aliyeamkia kwa wingi kuliko wote alikuwa Kobe. Msichana huyo wa miaka kumi na mmoja alifanya kila jambo polepole. Alihesabu kabla ya kubonyeza. Alipoulizwa swali, jibu lilikuja wakati muulizaji ameshasahau aliuliza nini. Lakini kwenye kompyuta namba tatu, ambayo hakuna mwingine aliyekuwa na subira nayo, Kobe alikuwa amejenga nyumba.

Haikuwa nyumba ya kubuni. Ilikuwa nyumba yao. Mama yake alifariki, na mwaka uliofuata nyumba ikabomolewa kupisha barabara pana. Picha ya ndani hawakuwa nayo hata moja. Basi Kobe aliijenga kwa kumbukumbu, tofali kwa tofali: baraza, vyumba viwili, ufa wa ukutani wenye umbo la mto, na mwisho jiko la mama yake, na rafu iliyoinama kushoto. Baba yake alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Kila aliporudi, Jumamosi moja katika mwezi, alikuja moja kwa moja chumbani kwa Bibi, akakaa kwenye kiti cha namba tatu na kofia magotini, na binti yake akamtembeza ndani. Akifika jikoni alikohoa.

Kwa ajili ya nyumba hiyo fundi alikuwa ameweka utaratibu. Miezi minane nyuma, Kobe alipohitaji matofali madogo ya jiko, fundi alimfungulia akaunti Duka la Chungwa, akaihamisha nyumba kwa mkono kutoka Buluu, kisha akauchomoa waya wa mtandao wa namba tatu na kuufunga fundo. Mashine ile isiguse mtandao, alisema, kwa maana maduka haya yana tabia ya kusasisha gemu bila kumuuliza mwenye nalo, na nyumba ya toleo moja huweza isisimame katika toleo jingine.

Jumanne moja Duka la Chungwa lilitoa zawadi. Kila akaunti itakayoingia mtandaoni siku hiyo itapewa nyundo ya dhahabu, na mwenye akaunti akipenda, anaweza kumtumia rafiki yake. Nywila alikuwa na yake. Alitaka mbili, agonge kwa kulia na kushoto.

Alifungua daftari. Akaunti yenye mtu wa polepole asiyejua hata kama kuna zawadi ilikuwa moja tu. Saa nane na dakika ishirini, chumba kikiwa kitupu, alilifungua fundo la ule waya, akauchomeka, akaandika nywila ya Kobe, na kumtumia nyundo rafiki mpenzi, yaani yeye mwenyewe. Ilichukua dakika moja. Alipotaka kufunga, kompyuta ikamuuliza swali.

Ilisema imeona nakala mbili za nyumba ya akaunti hii. Moja imo humu kwenye mashine, ya tarehe mosi Januari, miaka kumi na mitatu iliyopita. Nyingine iko juu, kwenye hifadhi ya duka, ya miezi minane iliyopita. Unataka kubaki na ipi?

Mtu akiwa na mali ya wizi mfukoni hasomi, hurukia mwisho. Nywila alisikia viatu nje. Akaona nakala moja ya kale na moja ya karibu, na kila mtu anajua kwamba mpya ni bora kuliko kuukuu. Akabonyeza ya miezi minane.

Ile ya kale ndiyo iliyokuwa ya jana. Kobe alikuwa ameihifadhi jioni ya Jumatatu, kwenye mashine ambayo saa yake haikurekebishwa kwa mwezi mzima. Na ile ya miezi minane ilikuwa kiwanja kitupu, cha siku akaunti ilipofunguliwa, kabla fundi hajaihamisha nyumba. Nywila aliona majani ya kijani yakijaa kwenye skrini, tambarare, bila ukuta wala mti. Akauchomoa waya, akaufunga fundo, akaenda kusimama kando ya namba tano kama mtu anayesubiri basi.

Kobe alikuja, akaketi, akahesabu, akabonyeza. Hatimaye aliuliza kwa sauti ndogo nyumba imekwenda wapi.

Hapo ndipo Nywila alipokuwa na nafasi ya kusema. Nafasi ya namna hiyo ni kama mlango wa lifti, hausubiri. Alisogea, akainama juu ya bega la mwenzake, akaitazama skrini kwa makini ya daktari.

"Jana ulihifadhi kabla ya kutoka?" aliuliza.

"Nilihifadhi."

"Una hakika? Au ulibonyeza futa?"

Kobe aliitazama mikono yake. Hakuwa na hakika. Mtu aliyeambiwa tangu chekechea kwamba yeye ni mzito hana hakika na chochote, hata na jina la mtaa wake. "Labda," alisema. "Labda nilibonyeza."

"Umebonyeza," alisema Nywila. "Pole."

Jambo lilikwisha hapo, na lilianza hapo. Aliyelisambaza alikuwa msichana aitwaye Redio, ambaye hakuhitaji umeme wala betri. Kufikia saa kumi watoto wote walijua. Redio alisimama juu ya kiti akatangaza habari kwa ufupi: Kobe kaibeba nyumba mgongoni mwaka mzima, leo kaikalia. Mmoja akauliza kobe asiye na gamba anaitwaje. Wakashauriana. Wakakubaliana kwamba ni mjusi mnene. Nywila alicheka pamoja nao, na alicheka zaidi ya wote, kwa sababu mwenye hatia huogopa kucheka kidogo.

Kobe hakulia. Jumatano alikuja akiwa amevifunga bendeji vidole viwili vya mkono wa kulia. Alipoulizwa, alieleza polepole kwamba ndivyo vilivyobonyeza, na amevigonga kwa rula hadi vijifunze. Baadaye Kobe alisema amemweleza baba yake kwenye simu, na baba hakugombana, alisema tu, "Hata hiyo imekushinda kuitunza," kisha mtandao ukakatika, au alikata.

Nywila alisikia. Usiku na mchana alijiambia kuwa kesho itakuwa nafuu. Nyundo mbili za dhahabu zilikuwa kwenye akaunti yake, na hakuwa amezigusa.

Bibi alikuwa amefanya kazi posta kwa miaka thelathini na minne, akichambua barua. Alijisifu kwamba aliweza kunusa bahasha akajua ndani mna posa au mna matusi. Baada ya kustaafu, pua ile aliihamishia kwenye baruapepe. Akaunti zote za watoto zilisajiliwa kwa anwani yake, kwa kuwa umri wao haukuwaruhusu kujisajili, na kila jioni saa moja alivaa miwani na kuzisoma barua zote za maduka yote mawili, pamoja na matangazo, kuanzia salamu hadi nukta. Wiki hiyo hakusema lolote. Alionekana tu mpole, na watu waliomjua wangeogopa.

Alhamisi alimwita Nywila mbele ya watoto wote. Alisema namba tatu sasa haina kazi. Nyumba imefutwa, mashine imechakaa, kesho saa tisa fundi anakuja kuisafisha diski yote na kuiuza kama chuma chakavu. Kisha akampa chaki.

"Wewe ndiye mtunza nywila, mjukuu wangu. Kesho kabla fundi hajaanza, utatuandikia ubaoni ili wengine wajifunze. Andika hivi: Kobe alifuta nyumba yake mwenyewe kwa uzembe. Iandike kwa herufi kubwa. Mwandiko wako ni mzuri."

Kobe alikuwa ameketi mstari wa mbele. Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba ni haki.

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo Nywila peke yake alilijua, maana liliandikwa katika daftari lake, ukurasa wa tisa. Akaunti ya Duka la Buluu haikuwahi kufungwa. Ndani ya namba tatu, kwenye toleo la pili ambalo hakuna aliyeligusa kwa miezi minane, nyumba ya kale ya Kobe ilikuwa bado imesimama, kama ilivyokuwa siku fundi alipoinakili. Haina jiko. Lakini ina baraza, ina vyumba, ina ule ufa. Fundi mwenye wateja mia alikuwa ameshasahau. Bibi hakujua, naye Kobe aliamini kwamba kilichohamishwa hakibaki nyuma. Diski ikisafishwa kesho, na hiyo itakwenda.

Angeweza kuitaja tu nakala ile bila kusema mengine. Alilipima hilo usiku kucha kama mtu anayepima nguo iliyombana. Lakini akiitaja, fundi ataikagua mashine, na fundi akikagua ataona kwamba waya ulichomekwa, na mtunza nywila ni mmoja. Na akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Nyumba mbili zitakuwa zimekufa kwa nyundo moja.

Ijumaa saa tisa fundi alifika na begi lake la bisibisi. Watoto walikuwa wamejaa kama harusini. Nywila alisogea kwenye ubao akaandika KOBE. Akaandika ALIFUTA. Nyuma yake fundi aliuliza kama aanze, na Bibi akasema aanze. Kitufe kikalia. Namba tatu, kwa uzee wake uliotukanwa miaka yote, ikaanza kupiga miayo. Ingekuwa kompyuta nyingine, hadithi hii ingekuwa fupi na mbaya zaidi.

Chaki ilikatika.

"Fundi, usifute," alisema Nywila. Hakugeuka. "Kuna nyumba humo. Iko Buluu. Mimi ndiye niliyefuta ile nyingine."

Alieleza yote akiutazama ubao: nyundo, waya, tarehe, swali, viatu vya nje. Alipomaliza hakuna aliyezomea, na hilo lilikuwa baya kuliko kuzomewa. Fundi alikuwa ameshazima mashine kwa kidole gumba. Kobe aliinuka, akafungua bendeji ya kidole cha kwanza, akaikunja vizuri, akafungua ya pili, akaikunja. Akaziweka zote mbili juu ya daftari la Nywila, akarudi kuketi.

Bibi alitoa karatasi mfukoni. Ilikuwa baruapepe ya Duka la Chungwa, iliyochapwa: Jumanne, saa nane na dakika ishirini na mbili, akaunti ya Kobe imemtumia rafiki nyundo ya dhahabu. Saa ya duka haikuwa na ugonjwa wa namba tatu. Na saa nane na dakika ishirini na mbili Kobe alikuwa bado anafunga kamba za viatu shuleni.

"Nilijua tangu Jumanne jioni," alisema Bibi. "Nilikuwa nakungoja."

Fundi alipiga magoti sakafuni, akahakikisha waya umechomolewa, akalifungua Duka la Buluu bila mtandao, polepole kama mtu anayeinua mtoto aliyelala. Nyumba ilikuwepo. Kwanza alitengeneza nakala tatu, kila moja kwenye kifaa chake, ndipo akaipandisha toleo la tatu. Palipokuwa na mlango wa jiko, mlango ulifunguka juu ya majani matupu.

Siku ya pili baba yake Kobe alikuja na vumbi la safari. Bibi hakumsaidia mjukuu wake hata kwa neno moja. Nywila alimwamkia, akaitikiwa, akasema alichofanya. Dereva aliipokea habari ile akiwa amesimama. Alimtazama binti yake, akatazama vile vidole viwili ambavyo kucha zake zilikuwa zimeingia weusi, na uso wake ukafanya kitu ambacho Nywila hakutaka kukiona tena.

"Nilimwambia imemshinda kuitunza," alisema. Hakuwa akisema na Nywila.

Akaketi, akaweka kofia magotini, akatembezwa. Kwenye mlango wa jiko Kobe alisimamisha kipanya. Baba hakukohoa.

Adhabu haikutolewa na Bibi. Aliitoa Kobe, kwa wakati wake. Kila mchana, kwa wiki saba, Nywila aliketi kwenye namba tatu na kujenga jiko asilowahi kuliona, na Kobe akaketi nyuma yake. Kwanza aliirekebisha saa. Kisha alijenga rafu, na Kobe akaitazama muda mrefu, akasema, "Bomoa." Rafu ilikuwa imenyooka mno. Akajenga nyingine. "Bomoa." Imeinama kulia. Dirisha: bomoa. Ndoo iko karibu na mlango, mama asingeiweka hapo: bomoa. Wakati mwingine alikosea tofali moja tu kati ya mia mbili, na Kobe alilihesabu na kulipata. Hakupaza sauti, hakutukana, hakutabasamu. Watoto waliisikia amri ile mara nyingi hata wakambadilishia Nywila jina. Mpaka leo anaitwa Bomoa, na nywila zao kila mmoja anaitunza mwenyewe.

Jumamosi ya wiki ya saba dereva alitembezwa hadi jikoni. Alikaa. Chumba chote kilisubiri huku kikijifanya kinacheza. Hatimaye alikohoa.

Jioni hiyo, wakipangusa skrini, mjukuu alimuuliza Bibi kama Kobe atamsamehe. Bibi alisema hilo hakulijua, na si lake kulijua.

"Miaka thelathini na minne nilishika barua za watu," alisema. "Sikufungua hata moja, ingawa mikono iliniwasha. Anayekukabidhi ufunguo, mama, hajakupa nyumba. Ulipoiba ile nyundo ulikosea kama mtoto. Lakini ulipomwacha mwenzako ajigonge vidole kwa kosa lako, ulikosea kama mtu mzima mbaya, na hao wanatosha duniani." Alikamua kitambaa, akakitazama. "Nami nilijua tangu Jumanne. Nilitaka useme mwenyewe, nikamfanya mtoto wa watu chambo kwa siku tatu. Na kumbe kwa ujanja wangu ningeifuta hata ile iliyobaki. Kwa hiyo usidhani nakufundisha nikiwa juu. Tuko ngazi moja. Ukweli ukicheleweshwa, anayelipa ni yule asiye na kosa."

Kesho yake mchana Bomoa alikuta mlango wa chumba uko wazi na Kobe ameshafika, ameketi mbele ya namba tatu inayopiga miayo.

"Saa," alisema Kobe, bila kugeuka.

Bomoa akaenda kuirekebisha.